Kazi Isiyo na Bosi

Nyumbani kwetu Mogitu mtandao hauingii ndani. Unapatikana kwenye kilima kidogo nyuma ya shamba la mbaazi, palipo na jiwe pana, na hapo ndipo ofisi yangu ilipoanzia. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka Mlima Hanang hadi miguuni pangu. Nyumba ilipotea, ng'ombe wakabaki kengele tu, nami nikabaki na sauti za watu nisiowajua.

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Wateja walirekodi masimulizi ya wazee wa sehemu mbalimbali, wakanitumia kwenye simu, nami nikayaandika neno kwa neno. Leo mteja huyu, kesho yule. Nikimaliza, natafuta mwingine mwenyewe. Niliipenda mno. Bibi mmoja wa mbali, ambaye sitamwona kamwe, alikohoa masikioni mwangu akaeleza mkeka alioanza kuusuka kabla ya harusi yake, na kwa muda sikujua kama nilikuwa Hanang au kwao.

Baba hakuwa na nafasi ya ndoto hizo.

"Bosi wako yuko wapi?" aliniuliza.

"Sina bosi, baba. Najitegemea."

"Kazi haina bosi? Hiyo ni likizo."

Akanipa muda mpaka mavuno ya mahindi. Kama hadi hapo angekuwa hajaiona hiyo kazi, ningeenda mjini Katesh kuuza dukani kwa mjomba. Sikuwa na ugomvi na duka. Ila redio ya mjomba haizimwi, na wateja hawaishi mlangoni. Pale nisingesikia hata pumzi yangu, sembuse wazee wangu.

Tatizo ni kwamba kwetu mtu aliyekaa hana kazi. Anayelima, anayechota maji, anayekata majani ya ng'ombe, ukimpita unamwambia "pole na kazi", hata kama mmenuniana. Mimi nilipitwa na kijiji kizima na hakuna aliyenipa pole. Walinipa ndama niwaangalie. Walinipa watoto wachanga. "Si umekaa tu?" Nilichukia, tena sana, lakini nilivua hedifoni, nikasimama, nikatoa shikamoo, nikapokea mtoto. Mmoja alinikojolea nikiwa katikati ya hadithi ya mafuriko.

Mahindi yalipoanza kukauka, baba alipanda kilimani. Nilijua amekuja kuniambia nifungashe. Alikaa jiweni, akahema, akautazama ukungu. Niliogopa atakachosema. Kabla hajafungua kinywa nikamchomekea hedifoni masikioni, nikabonyeza.

Ilikuwa sauti ya mzee, nzito, ya taratibu, akielezea mizinga yake ya nyuki. Baba alishtuka. Akavua kofia.

"Shikamoo, mzee!" alisema kwa sauti kubwa.

Akasubiri marahaba. Mzee akaendelea na nyuki wake. Baba akanigeukia, uso umemshuka.

"Hajaitikia."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. "Yeye hatusikii, baba. Hata mimi hanisikii. Ni mimi tu ninayemsikia."

Alilifikiria hilo. Lakini hedifoni hakuvua. Baadaye akaniashiria nirudishe nyuma. Kuna mahali mzee alizungumza huku upepo ukivuma, na baba hakupata alichosema. Nikarudisha. Hakupata tena. Tukarudia na kurudia, yeye sikio moja la hedifoni, mimi lingine, vichwa vyetu vimegusana, kitu ambacho kilikuwa hakijatokea tangu nikiwa mdogo. Mwishowe akapiga goti lake. "Anasema nyuki walihama wakati wa ukame! Andika!" Nikaandika. Kipaji cha uso wake kilikuwa na jasho.

Hapo shangazi akaita kutoka chini, niende nimshikie ndama maana nimekaa tu.

Baba akasimama. "Mwache huyo!" alipaza sauti. "Yuko kazini!"

Kisha akavaa kofia, akakung'uta suruali, akaanza kushuka. Hatua chache mbele akageuka, akaniambia kile anachomwambia kila mwenye jembe.

"Pole na kazi, binti yangu."

"Nimeshapoa, baba."

Ukungu ukamchukua. Mzee wa mizinga alikuwa bado anaongea, lakini sikumsikia. Nilikuwa nalia, na kwa muda mrefu sikuandika kitu.