Majani Mabichi ya Malagarasi

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuja kuniaga. Yeye na wenzake wa chuo wamepanga kuzunguka nchi wakati wa likizo, akataka nimtajie mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kufika. Alitegemea nitaje mlima wenye theluji, au Ngorongoro, au mawe ya Mwanza yaliyobebana ziwani. Kote huko nimefika. Lakini mdomo wangu ulitaja mto Malagarasi kabla sijafikiri, kisha nikafumba macho, akadhani nimesinzia. Wewe nitakueleza.

Enzi za Mwingereza, baba alikuwa kwenye genge la kutengeneza njia ya reli pale Tabora. Likizo yake ikifika alipewa pasi ya treni kwa familia nzima. Wenzake waliitumia kwenda kusalimia wakwe. Baba aliitumia kututembeza. "Natengeneza njia wapite wengine," alikuwa akisema, "na wanangu nao wapite." Majirani walimcheka: mtu mzima anapanda treni kwenda kutazama maji! Hakujali. Masika yakiisha, nyumbani kwetu mjadala ulikuwa mmoja tu, safari hii twende wapi, na mdogo wangu wa kike ndiye aliyekuwa na maneno mengi kuliko sote. Alitaja hata mahali ambako reli haijawahi kufika.

Mwaka ule bibi ndiye aliyechagua. Baba yake alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya misafara kwenye njia ya Ujiji, na alimsimulia mto uliovukwa kwa mitumbwi, mpana hata watu wa ng'ambo wakaonekana kama vijiti. Bibi alitaka kunawa uso kwa maji yale kabla hajafa.

Mama alifunga michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga na kuku wa kuchoma. Nakumbuka harufu ya moshi wa treni, chembe za masizi zikiingia machoni, na pale Kaliua wanawake wakinyoosha mikono madirishani na vibuyu vya asali. Miyombo ilipita na kupita, mikavu, haina mwisho. Halafu msitu ukafunguka, na kila kitu kikawa kijani.

Mvuvi mmoja, rafiki wa baba, alitupokea akatupeleka ukingoni. Sijaona tena kitu kama kile. Maji yalilala baina ya mafunjo yaliyotupita urefu, na ndani yake alisimama ndege mkubwa wa kijivu, mdomo wake kama kiatu, hatikisiki. Bibi alikunja kanga yake, mama akamshika mkono, akainama kunawa. Wakubwa wote walikuwa wanamtazama yeye.

Sasa ujue kwamba sisi ni watu wa nchi kavu. Kwetu mto wa kiangazi ni mchanga. Ukitaka maji, unachimba. Na ukiona majani mabichi wakati wa kiangazi, hiyo ni mbuga yenye udongo mzuri, ng'ombe wanalala juu yake. Mimi niliona nyuma ya mafunjo uwanja wa majani mabichi, ndege wadogo wakitembea juu yake, nikamwambia mdogo wangu twende.

"Bibi amesema tusiondoke," alisema.

"Basi baki, mwoga wewe."

"Nani mwoga? Nipishe!"

Akanipita. Ardhi ilitikisika chini yetu kama godoro. Tulicheka. Alirukaruka, akasonga mbele zaidi, na hapo nikasikia sauti ya kitu kinachochanika. Maji meusi yalinijia vidoleni. Sikuwaza. Niligeuka nikarukia ukingoni, na lile teke langu la kurukia ndilo lililokata kipande. Kumbe majani yale yalikuwa yanaelea juu ya maji; yakaondoka na mdogo wangu juu yake.

"Kaka!" aliita mara moja tu.

Mvuvi alikuwa ameshaona. "Usikimbie, mtoto! Lala! Lala kifudifudi!" Lakini mdogo wangu alikuwa amesimama, mguu mmoja umezama hadi pajani, na mbali kidogo kiboko alikoroma. Baba aliingia majini na viatu vyake. Mvuvi akamdaka shati. "Ukiingia wewe, nitakuwa na wawili wa kuwatafuta. Kaa hapo!"

Mama alikuwa anapiga kelele. Bibi alimziba mdomo kwa kiganja kilicholowa, kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa Kinyamwezi, kama anayembembeleza mtoto kitandani: lala, mjukuu wangu, lala kama unavyolala kwangu.

Akalala. Mvuvi alisukuma mtumbwi kwa pondo taratibu, taratibu mno, maana wimbi dogo tu lingeyapasua yale majani. Tuliona maji yakipanda mgongoni mwa mdogo wangu, gauni likielea. Alipomfikia alimshika gauni kwanza, halafu mkono.

Hakuna aliyenipiga. Kila mtu ukingoni alikuwa ameona nilivyoruka.

Mwaka uliofuata baba aliweka pasi mezani akauliza twende wapi. Mdogo wangu alisema, "Nendeni ninyi. Mimi nabaki na bibi." Tukasema ni woga, tusimlazimishe. Mwaka wa baadaye hatukumwuliza. Na mimi, nikisema kweli, niliona nafuu. Asipokuwepo behewani sikuyaona yale majani. Nikaenda sekondari, nikaajiriwa, nikaizunguka nchi hii huko na huko. Yeye aliolewa Igalula, akakaa.

Mwaka jana nilimtembelea. Tulikuwa uani, anachambua maharage kwenye ungo, nikasema, "Ule mto ulikutisha kweli, mdogo wangu."

"Mto?" Aliniangalia. "Mto ulikuwa mzuri, kaka. Nilipolala pale niliona samaki wanapita chini ya majani. Ninyi hamkuwaona."

"Sasa mbona ulikataa safari?"

"Nilitaka uniombe wewe. Si baba, wewe. Nilisema moyoni, kaka akiniomba mwenyewe, naenda. Nikangoja. Kila mwaka nawafungia michembe, nangoja."

Wazazi wetu hawapo, bibi hayupo, zile treni za moshi hazipo, na hakuna tena nyumba ambamo watu wanagombana kwa furaha juu ya mahali pa kwenda. Nilidhani hayo ndiyo niliyopoteza. Kumbe safari zote zile, kwenye kila dirisha nililochungulia, nafasi ya pembeni yangu ilikuwa yake, na mimi ndiye niliyeiacha wazi.

Nikamwomba palepale. "Twende Malagarasi. Mimi na wewe."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Miguu hii, kaka? Ungesema ilipokuwa na nguvu."

Kisha akausogeza ungo katikati yetu, tukachambua wote.