Rangi Mbichi kwenye Kifuniko

Kila ninapofungua kopo la rangi ya mafuta, hata kama kazi yenyewe ni fremu moja ya dirisha, mimi hutazama kwanza kucha zangu. Wengine husema harufu ile huwaumiza kichwa. Mimi hunirudisha kwenye sebule moja ya Kindu, Jumamosi asubuhi, nikiwa nimebana mgongo ukutani na kuficha mikono nyuma, nikiomba kimoyomoyo kwamba mwanamume aliyesimama mbele yetu asinyooshe kidole akagusa kitu. Nitawaeleza kwa utaratibu, maana jambo hili halieleweki ukilianzia katikati.

Baba yangu alikuwa fundi wa injini katika reli, Lubumbashi. Ilikuwa miaka ile ya chama kimoja, wanaume wakivaa abakosti, ile suti isiyo na tai, na sisi sote, wakubwa kwa wadogo, tukiitwa sitwayeni, yaani raia. Mfanyakazi akiambiwa nenda, alikwenda. Jioni moja Baba alirudi kazini, akanawa mikono, akaketi mezani na kusema kwamba tunahamia Kindu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mama alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana chini ya kitenge. Mama yake na dada zake wote walikaa mitaa ya karibu nasi.

"Kindu tuko na nani?" akauliza.

"Tuko na kazi," Baba akajibu.

Tangu jibu lile, Mama hakumsemesha tena ana kwa ana. Maneno yake yote aliyapitishia kwetu sisi watoto. "Ambia papa yako chakula iko tayari," alisema, na Baba ameketi palepale akisikia kila neno. Mdogo wangu Ilunga, ambaye hata kufunga vifungo alikuwa hajui, aliipenda sana kazi hiyo. Alisimama wima na kurudia ujumbe kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "Papa! Chakula iko tayari!" Siku nyingine tungecheka. Siku zile kila mtu alitazama sahani yake.

Kitu kilichopanda wagoni la mizigo kilipaswa kuwa na jina la mwenyewe na la mahali kinapokwenda, la sivyo kingeweza kuishia mikononi mwa wengine. Kazi hiyo Baba aliifanya kwa mkono wake, kwa rangi nyeupe na burashi nyembamba. Jina letu, na chini yake KINDU. Alipaka kwenye masanduku, kwenye ubao wa kitanda, kwenye kinu, hata kwenye beseni la kuogea. Nilimfuata nyuma nikichora herufi hewani kwa kidole. Shuleni nilikuwa nimesoma kidogo sana, na nilichokipata baadaye nilikipata peke yangu; lakini herufi zangu za kwanza ni zile za masanduku. Ulikuwa wakati wa kiangazi, hewa kavu kama karatasi. Alichopaka asubuhi kilikuwa kimekauka adhuhuri.

Safari yenyewe naikumbuka kwa hewa kuliko kwa vituo. Baada ya kuvuka daraja la Kongolo ilianza kuwa nzito, yenye harufu ya majani yaliyolowa, na nguo tulizovaa hazikukauka tena sawasawa. Mama alikaa dirishani, mkono juu ya tumbo, akiutazama msitu unavyozidi kutusogelea. Kila kituo Baba alikitaja kwa sauti, labda akitumaini atajibiwa. Alijibiwa na Ilunga.

Kindu tulipewa nyumba katika kambi ya wafanyakazi wa reli, upande wa mto wenye stesheni. Ilikuwa nyumba nzuri ya matofali, ila ilikuwa na mtu. Fundi ambaye Baba alikuja kushika nafasi yake alikuwa amekufa kwa ugonjwa, na mjane wake bado alikaa chumba cha nyuma. Waliitwa watu wa reli, wakasema hakuna shida: ndugu wa marehemu wako njiani kutoka Kananga, watamaliza matanga, watachukua vitu vya ndugu yao, na mwanamke atarudi kwao Tunda. Tuvumilie tu.

Aliitwa Mama Feza. Alikuwa kijana kuliko Mama, kichwa kimenyolewa, amevaa kitenge kimoja cheusi, ameketi mkekani tangu asubuhi hadi jioni. Hakuruhusiwa kufanya kazi mpaka matanga yafungwe. Nyuma yake, kona ya chumba, ilikuwepo mashini ya kushona ya miguu, imefunikwa kifuniko cha mbao. Jirani yetu Mama Zaina, mwenyeji wa Kindu aliyelima bustani ng'ambo ya mto, Alunguli, alitueleza bila kuulizwa kwamba mashini ile ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba mume alipolala kitandani. "Nguo zote za Idi za avenyu hii, zake," alisema. "Hata hii gauni niko nayo. Usiangalie mugongo, hapo nilinenepa miye mwenyewe."

Mwanzoni Mama alimsalimia Mama Feza kwa heshima na kumwekea chakula, basi. Nilidhani hampendi. Sasa nadhani hakutaka kumtazama sana.

Ijumaa moja habari ikaja kwamba shemeji mkubwa wa Mama Feza ameshuka kwenye treni, na kesho atakuja. Mama Feza alimfuata Mama jikoni. Nilikuwa nachambua mchele.

"Kitanda akamate," alisema. "Viti, redio, sahani, akamate yote. Sitasema kitu. Lakini ile masini njo mikono yangu, Mama. Akiondoka nayo, mi narudi Tunda kukaa mulangoni kwa watu."

Mama alikoroga sufuria muda mrefu kuliko chakula kilivyotaka. Halafu akanigeukia.

"Enda ulete kopo ya rangi ya papa yako."

Kabla sijaendelea, mfahamu kwamba mama yangu huyu aliwahi kunipiga mdomoni kwa mwiko kwa sababu nilisema nimenawa miguu na sikuwa nimenawa. Na hakujua kuandika. Waliibeba mashini wao wawili, mmoja tumbo mbele, mwingine kichwa kipara, wakaiweka sebuleni kwetu kati ya masanduku yetu. Kisha Mama akanionyesha kifuniko. Nikaandika kama nilivyomwona Baba akiandika, jina letu, na chini yake KINDU, ulimi umenitoka pembeni mwa mdomo. Nilipomaliza nilijivuna. Usiku ule ilinyesha.

Asubuhi nilikwenda kutazama. Rangi ilikuwa inang'aa. Nikaigusa pembeni kwa kucha, ikaja na kucha. Mama akaigusa, akatazama ncha ya kidole chake, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza niliona hofu usoni mwake. Kule kwetu ingekuwa imekuwa ngumu kama jiwe. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mvua na mto hukaa hata ndani ya rangi. Akaifungulia dirisha, akapepea kwa kitenge, akaacha. Baba alikuwa amekwisha kwenda kwenye salongo pamoja na wanaume wengine, kufyeka majani ya avenyu kama kila Jumamosi. Hakuambiwa kitu.

Shemeji alikuja kabla ya salongo kwisha, na vijana wawili na kigari cha kusukuma. Alikuwa mtu mnene, mtulivu, amevaa abakosti ya kijivu na beji ya chama kifuani. Alimsalimia Mama kwa Kiluba, lugha ya kwao Baba, akamwambia Mama Feza maneno ya pole aliyoyasema vizuri sana, kisha vijana wakaanza kutoa. Kitanda kikatoka. Viti vikatoka. Redio aliibeba mwenyewe. Majirani waliacha majembe yao wakaja kusimama dirishani, na Baba, akiona watu wamejaa kwake, akaingia akiwa na majani kwenye suruali. Mama Feza aliketi chini kando ya mlango, macho sakafuni.

"Na ile masini?" shemeji akauliza.

"Gani?" Mama akasema.

"Ya kushona. Ndugu yangu alinunulia bibi yake masini. Kananga muzima wanajua."

"Hii ni yangu. Nilikuja nayo na treni. Soma pale juu."

Akasogea, akainama, akasoma jina letu polepole. Mimi nilikuwa nimebana mgongo ukutani, na kucha zangu nyeupe nyuma yangu. Alipoinuka alikuwa anatabasamu.

"Muzuri. Basi keti, Mama, utushonee hata mustari mumoja tuone."

Mama akashika tumbo kwa mikono miwili. "Na hii tumbo niendeshe pedali? Mutoto akishuka hapa, njo wewe utamupokea na hiyo abakosti?"

Dirishani wanawake wakaangua kicheko. Shemeji hakucheka.

"Ya ndugu yangu iko wapi, sasa?"

"Iliuzwa, shemeji!" Alikuwa Mama Zaina, nusu ya mwili wake imeingia dirishani. "Kaka yako alilala pale wakati ile yote, mulimutumia hata kidonge kimoja? Hata salamu? Unafikiri dawa tulinunua na majani ya salongo?"

"Ni kweli," akasema mwingine. "Iliuzwa." Na mwingine nyuma yake akasema hivyohivyo. Avenyu nzima, watu waliomjua Mama tangu juzi tu, walikuwa wanadanganya kwa sauti moja.

Shemeji akawapa mgongo. Akamtazama Baba, na sauti yake ikawa laini, ya mtu aliyemkuta ndugu ugenini.

"Ndugu, acha wanawake. Wewe ni mutu wa Kasai kama miye. Desturi yetu unaijua, haukufundishwa na mutu. Na naambiwa ni mutu wa kanisa. Sema wewe. Hii masini mulikuja nayo?"

Akanyoosha mkono kuelekea kifuniko, kidole mbele, kama anayetaka kufuata herufi anazozisoma.

Baba alikuwa akiitazama mashini. Kila kitu kilichopanda lile wagoni alikuwa amekipaka yeye, kimoja baada ya kingine, na alijua kama ninavyojua majina ya wanangu kwamba hiki hakikuwamo. Niliyaona macho yake yakipita kwenye herufi zile. Kwenye kanisa letu alikuwa shemasi. Sijawahi kumsikia akisema uongo, wala kabla wala baada. Nilimwona Mama, na Mama hakuwa akimtazama shemeji tena. Alikuwa akimtazama Baba.

Baba akapiga hatua moja, akaweka kiganja chake wazi juu ya kifuniko, juu ya rangi, kama mtu aliyechoka na kazi anayetafuta mahali pa kuegemea. Kidole cha shemeji kikabaki hewani.

"Bibi yangu amekwisha kukujibu," akasema.

"Nakuuliza wewe."

"Na miye nakuambia. Amekwisha kukujibu."

Shemeji alimkazia macho kitambo. Nje kigari kilikuwa kinalia. Halafu akashusha mkono, akachukua kioo kilichoning'inia ukutani, kioo cha marehemu, na akatoka bila kuaga. Baba hakuondoa kiganja mpaka sauti ya magurudumu ilipopotea.

Alipokiondoa kilikuwa cheupe, na neno KINDU limekuwa wingu. Akatazama kiganja. Akanitazama mimi, na mikono yangu ambayo bado ilikuwa nyuma.

"Ulipaka nzito sana," akasema. "Hapa ni Kindu. Unapaka nyepesi, unangoja."

Mama akaja na chupa ya mafuta ya taa na kitambaa. Hakunituma mimi, wala Ilunga.

"Leta mukono," akamwambia.

Mdogo wetu alizaliwa katika nyumba ile, na nguo zake za kwanza zilishonwa chumba cha nyuma. Mama Feza alikaa nasi mpaka nywele zake zikaota, kisha akapanda treni kwenda Tunda na mashini yake. Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha mama yangu aliyemzidi akili mtu mwenye tamaa, na watu walicheka panapochekwa.

Sikuwa nimeelewa. Niliolewa, nikazaa, nikafikia umri wa kupenda kuhesabu nani alipata nini na kutoka wapi, ndipo siku moja nikakumbuka baiskeli. Baba alikuwa na baiskeli nzuri sana huko Lubumbashi, akiendea kazini. Tangu mdogo nilijua kwamba ilikuwa ya kaka yake mkubwa, na kwamba Baba alisafiri hadi Kasai kwa msiba akarudi nayo. Sote tulijua. Haikuwa siri, ilikuwa baiskeli tu. Sikuwahi kujiuliza mke wa yule kaka alibaki na nini.

Mama alijua. Wanaume wengine wa ukoo wa Baba walikuwa hai bado, na siku Baba angekufa wangekuwa na sababu ya kupanda treni kuja kwake. Pale sebuleni hakuwa akingoja jibu kuhusu mashini ya mtu mwingine. Na nadhani Baba naye, kabla hajaweka kiganja, alimtazama yule mtu mtulivu wa abakosti ya kijivu akamtambua vizuri, kuliko sisi wote tuliokuwa mle ndani.