Namna Kukonda Kulitaka Kunifukuzisha ku Kontena

Miye nilisoma primaire kidogo tu, basi. Ingine yote nilijifunzia mu soko ya Butembo, na nilijifunza muzuri: nilianza na kuuza sabuni chini ya jua, leo niko na depo yangu. Na nilikuwa na tumbo. Kwetu tumbo ya mufanyabiashara ni kibao cha duka. Mutu anaiona kutoka mbali, anajua: huyu anakula, donc biashara yake inatembea. Yangu ilikuwa inaingia ku mulango mbele yangu, na nilikuwa naiheshimu.

Kisha magoti ikaanza kulia. Munganga akanipima damu, akapima sukari, akauliza niko nakula nini. Nikamwambia kweli: bugali asubuhi, bugali midi, bugali mangaribi, na nyama ya mafuta pembeni.

"Na mboga, papa?"

Nikamwambia mboga ni ya mbuzi. Hakucheka. Alisema nipunguze bugali, mboga ijaze nusu ya sahani, nikule maharage na matunda, niache pombe ya ndizi, na kila siku nitembee na miguu mpaka jasho itoke. "Kama sivyo, ile tumbo ndiyo itakuzika."

Nilikataa. Mais bibi yangu, mama ya batoto bangu, alikuwa amekaa pale pale, na bibi yangu hapana mutu wa kusahau. Tangu siku ile bugali yangu ikakuwa kama ngumi ya mutoto. Majani ya sombe na lengalenga, karoti, puaro za kule Alimbongo: sahani ilifanana na shamba. Nilikula nikiwa na hasira, mais nilikula.

Asubuhi nilikuwa napanda kilima. Ba-motari bote balikuwa banasimama.

"Papa, panda! Pikipiki yako imekufa?"

"Hapana."

"Unaenda wapi sasa?"

"Hakuna fasi naenda. Natembea tu."

Banaangaliana, banaondoka polepole, vile mutu anamuepuka mwenye wazimu.

Magoti ikanyamaza. Usingizi ukarudi. Siku moja suruali ikaanza kushuka yenyewe katikati ya misa, nikaikamata na kiko cha mukono mpaka komunyo.

Taabu ikaanza hapo: kwetu mutu akikonda, banasema ni mugonjwa. Sisi bafanyabiashara tunaungana kuagiza kontena moja kutoka Chine, kwa kuaminiana tu. Na hakuna mutu anapenda kuungana na mwenye atakufa wakati vitu viko ku bahari. Mama moja ndiye mukubwa wetu. Yeye ndiye anasema nani anaingia. Mukutano ya kontena mupya ilikuwa Beni, ku kiwanja ya nyumba yake kule Bungulu. Mbele ya safari, rafiki yangu munene, mwenzetu mu kontena, akanipigia simu.

"Muzee, batu banasema umeisha. Pumzika mara hii. Tutakuombea."

Kupumzika! Nikikosa ile kontena, depo inabaki na rafu tupu, na majirani banakuja kuangalia kama jeneza imefika.

Donc nikatumikisha akili. Nikavaa pulova mbili, jile isiyo na mikono, koti ya baridi, na juu yake vesti ya kanisa, ile koti ya suti. Butembo iko na baridi. Kule nikakuwa tena mutu munene wa heshima. Kitu moja tu nilisahau: Beni ni joto.

Nilifika uso unatiririka jasho.

"Tata, hiyo ni homa!" mama wa kontena akasema.

"Hapana, ni jua."

"Tuko chini ya kivuli, tata."

Nikavua vesti. Nikavua koti. Nikavua jile. Batu banaangalia, kama vile banaona mutu anamenya kitunguu. Wakati pulova ya kwanza ilitoka, rafiki munene akauliza: "Kweli iko mutu ndani?" Kiwanja muzima ikacheka.

Mama yeye hakucheka. Akaleta bugali kubwa kama kilima, na mbuzi, na sombe. Kwetu mugonjwa anajulikana ku sahani.

"Kula, tata. Ukimaliza, unaingia."

Nikaangalia ile bugali. Niliipenda sana, sidanganye. Nikakata kipande kama ngumi ya mutoto, nikakula na sombe yote, nikasukuma sahani. "Nimeshiba."

"Munaona?" rafiki munene akasema. "Ameisha, maskini."

Damu ikanipanda. Nikasimama, nikamugeuzia mugongo. "Panda."

"Nini?"

"Panda ku mugongo!"

Bale bengine bakamusukuma. Nikamubeba. Nikazunguka kiwanja, kuku zinakimbia, kiatu yake moja inaanguka ku jiko, yeye analalamika ku sikio yangu: "Nishushe, muzee! Niko na bibi na batoto!" Nikazunguka tena, juu ya kiburi tu. Nikamushusha mbele ya mama. Miye nilikuwa nahema kidogo. Yeye, mwenye alibebwa, alikuwa anahema kama ng'ombe.

Mama akafuta machozi ya kucheka na kitenge. "Huyu muzee anaingia," akasema. Kisha akamwangalia rafiki yangu, akamwangalia tena. "Wewe ndiye unanitia wasiwasi."

Mangaribi tulirudi pamoja. Tulikuwa karibu na Butembo. Rafiki akainama ku sikio yangu.

"Muzee, bibi yako anaweza kuongea na wangu? Mambo ya... sahani?"

Nikamwambia bibi yangu ataongea, na yeye rafiki atajuta. Kesho asubuhi anikute ku kilima, na viatu yote mbili, kwa sababu miye simubebe tena.