Shimo la Wanawake

Siku moja sokoni Lushoto, jamaa mmoja alikipiga teke chungu cha Modesta ili ajue kama ni kigumu. Modesta alikiinua chungu kile kile akamtandika nacho mgongoni, jamaa akaenda chini kifudifudi kwenye kabichi za watu. Chungu hakikupata hata ufa.

"Kigumu," Modesta akamwambia. "Sasa nunua."

Akanunua. Mimi nilikuwepo, nimekaa juu ya pikipiki yangu, nikacheka hadi nikashikwa na kwikwi. Naitwa Kristian, dereva wa bodaboda, na kwa miaka mingi ndimi niliyembebea Modesta vyungu vyake kutoka kijijini kwetu, juu kidogo ya Lukozi. Vilikaa kwenye matenga, vimezungushiwa majani makavu ya migomba, naye nyuma yangu akinitukana kila gurudumu lilipoingia kwenye shimo.

"Polepole wewe! Hapo umebeba ada ya watoto!"

Hakuwa anatia chumvi. Alikuwa mjane, na vyungu ndivyo vilivyoezeka nyumba yake bati na kumpeleka binti yake sekondari. Wenye hoteli walivitaka vya kupikia na vya maua, na wageni walikuwa wanauliza nani amevifinyanga. Wanasema mfinyanzi hulia gaeni. Huyu alilia kwenye sahani, tena ya maua.

Udongo wake haupatikani kila mahali. Unatoka kwenye shimo moja bondeni, nyuma ya migomba ya Mama Elieshi, bibi ambaye ndiye mkubwa wa wafinyanzi wote wa kijiji. Mwanamume haingii humo. Ni mwiko wetu Washambaa tangu zamani: mwanamume akitia mguu shimoni, au akisogea wanapochoma vyungu, vyungu vitapasukia motoni. Sisi ni Walutheri, tumesoma, tuna simu za kupangusa, lakini hakuna mwanamume wa hapa ambaye angeshuka kule hata kwa kutafuta mbuzi aliyepotea. Na hakuna aliyeulinda mwiko huo kuliko Modesta. Aliwahi kumpopoa mwalimu kwa mawe, eti kachungulia.

Basi wakaja wapima ardhi kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji. Mwenyekiti wetu, Mzee Paskali, aliwatembeza kwenye karoti, kwenye maharage, kwenye msitu, kanisani. Walipofika ukingo wa lile bonde akasimama.

"Na huko chini?" wakamuuliza.

"Huko hakuna kitu. Kichaka tu."

Hakuwa na nia mbaya. Ilikuwa heshima. Wanawake nao kwenye mkutano wa kijiji walinyamaza, maana mambo ya shimo hayasemwi mbele ya wanaume. Huyu anaheshimu, yule anaheshimu, na shimo likafutika. Nikikumbuka, hasira inanipanda mpaka leo. Tuliweza kutaja kila anayelima viazi na anauza kwa nani, lakini kazi iliyolisha nusu ya kaya zetu hatukuihesabu kuwa kazi. Ilikuwa mambo ya kina mama. Kwa hiyo mfyatua matofali kutoka Mombo, anaitwa Dotto, alipoomba eneo lenye udongo mzuri, kijiji kilimpa kile kichaka kwa mikono miwili.

Alikuja asubuhi na vibarua wake, na machepe, na sururu. Vijana wa huko Mombo, mwiko wetu wataujulia wapi? Wakashuka moja kwa moja. Wafinyanzi walikuwa ndani wanachimba.

Nilikuwa barabarani namsubiri Modesta niliposikia yowe. Wanaume walitoka mashambani na mapanga, nami nikachomoa langu kwenye pikipiki, tukakimbia, Mzee Paskali mbele yetu akihema. Tulipofika ukingoni tukasimama.

Naam, tulisimama. Chini yetu, karibu kabisa, kibarua mmoja alikuwa amemkamata mwanamke nywele anamburuta juu ya mawe. Mwingine alimpiga Mama Elieshi teke la kifua, bibi wa watu akatema damu. Modesta alimwangukia huyo kwa mpini wa jembe, akampasua kichwa, akamgeukia wa pili akamng'ata sikio hadi jamaa akalia kama mtoto. Ndipo Dotto akaja kwa nyuma yake na chepe. Modesta aliinua mkono wa kulia kujikinga. Nilisikia mfupa ukivunjika kutoka pale juu nilipokuwa.

Na bado hatukushuka. Panga liko mkononi, miguu imekataa. Mzee Paskali alikuwa anapiga kelele tu, "Acheni! Jamani, acheni!" utadhani anafukuza kuku kwenye mahindi. Na Mama Elieshi, na damu yake mdomoni, alikuwa anatupungia mkono turudi.

"Msiingie! Mkiingia mmeliua shimo!"

Modesta akapanda. Alipanda ule mwinuko huku mkono unaning'inia na damu inamchuruzika usoni, vibarua wakamwachia njia wakidhani anakimbia. Akaja mpaka kwa mwenyekiti, akamkaba kola kwa mkono wa kushoto.

"Shuka."

"Modesta mwanangu, unajua kabisa mwiko..."

"Ulisema hakuna kitu. Shuka ukaone hicho ambacho hakipo!"

Akamvuta. Mzee Paskali aliteleza, wakaporomoka wote wawili hadi chini, mwenyekiti wa kijiji akasimama na udongo magotini. Radi haikupiga. Basi tukashuka wote, na aibu ya kusimama kule juu tuliimalizia kwenye miili ya wale vijana. Mimi nilimchapa mmoja ubapa wa panga mpaka akaangukia uso, nikaendelea kumchapa. Waliofanikiwa kutoka walitoka bila viatu. Dotto alikuwa chini ya watu, jino moja halipo, jicho limefunga, na angekufa pale kama Mzee Paskali hangemlalia juu kumkinga na mateke. Siwezi kusema najivunia. Siwezi kusema najuta.

Kulipotulia, Mzee Paskali akainuka, akaanza kutazama. Kuta za shimo zilikuwa zimepita urefu wa mtu, zote zimechimbwa kwa mikono na vijembe vidogo, na mapango yameingia ndani chini ya mizizi. Mwanamume hakuwahi kuona kitu kile.

"Yote haya?" akauliza.

Modesta alikuwa amekaa chini, ameushikilia mkono wake. "Pale kushoto ndipo mama yako alipokuwa anachimba," akamwambia. "Ulifikiri sare zako za shule zilitoka wapi?"

Mzee Paskali alikwenda pale, akaugusa ukuta, akalia mbele yetu sote.

Shimo lilipona. Dotto hakurudi, na kwenye mpango wa kijiji sasa pameandikwa kuwa ni mahali pa wafinyanzi. Ila mfinyanzi mwenyewe hakupona. Hospitali walimfunga plasta, mfupa ukaunga vibaya, vidole havikukunjika tena. Na wafinyanzi wenzake walimtenga. Walichimba udongo ule ule alioupigania, lakini walimpita njiani kimya, kwa sababu yeye ndiye aliyewashusha wanaume.

Hoteli moja ilikuwa inasubiri vyungu vyake. Nilikwenda kwake kuvichukua nikamkuta uani, peke yake, anafinyanga kwa mkono mmoja. Chungu kilipanda hadi tumboni, kikalegea, kikaanguka upande. Alikinyakua akakibamiza ukutani. Akaanza kingine, nacho akakibamiza. Nilitaka kusema neno, nikaona bora ninyamaze, maana mkono wa kushoto ulikuwa bado mzima.

Mama Elieshi akaingia uani bila hodi, anatembea kwa fimbo. Modesta aliinuka.

"Shikamoo, mama."

Bibi alimzaba kibao ambacho kilinistua hata mimi, na Modesta akakipokea, akabaki amesimama na shavu lake jekundu kwa udongo.

"Umeingiza wanaume shimoni," Mama Elieshi akasema.

"Ndiyo, mama."

"Sogea."

Akaketi mahali pa Modesta, polepole, akishikilia kifua kilichokuwa bado kinamuuma. Akakusanya ule udongo uliobamizwa ukutani, akaukanda upya, akaanza kuinua kuta za chungu.

"Mdomo unautaka upana gani?"

Modesta alipiga magoti kando yake akamwonyesha kwa mkono wa kushoto. Alikuwa analia kwa sauti, yeye ambaye hakulia siku ya chepe, na machozi yakawa yanadondokea ndani ya chungu.

"Hamia huko," Mama Elieshi akamwambia bila kuinua macho. "Unanilowanishia udongo."