Mvua Imeshuka Bei

Mteja wangu mmoja, muosha vyombo wa mgahawa wa tambi ambaye pia huchora katuni, huingia dukani kwangu na vidole vilivyokunjamana kwa maji, huchagua nibu ya kalamu ya bei ya chini kabisa na kuibonyeza kwenye ukucha wa dole gumba aone kama inanesa. Kisha huinamia kapu la mabaki, ninakotupa karatasi zilizokosa wanunuzi, zile zenye michoro tayari ya kubandika kwenye picha za manga, katuni za Kijapani. Mwaka huu lilijaa karatasi za michirizi ya mvua, na yeye peke yake ndiye aliyezigusa.

"Dada, hadithi nzima mvua tu?" mchoraji mwenzake, Kiyotsugu, alimcheka. "Mashujaa wako watapata kichomi!"

"Jua ni ghali," alijibu, akiendelea kuchambua. "Mvua ndiyo imeshuka bei."

Jumapili, kwenye soko la vijitabu vya wachoraji hapa Osaka, foleni ya kununua hadithi yake ya mvua ilizunguka ukumbi, na Kiyotsugu alikuwemo. Vijitabu vilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Jumatatu yule dada aliporudi dukani alikuta kapu limekombwa: wachoraji wenzake walikuwa wamemtangulia kugombea mvua. Akashika kiuno, akacheka mpaka nibu zikalia kwenye visahani.

"Haya, mjomba," akaniambia, "sasa watu wanakataa nini?"