Masika Yohana Alipokosa Maziwa

Sisi tuliokulia Lindi kabla ya daraja la Rufiji, tukikutana popote duniani tunajuana kwa jambo moja: hatuna tunachokubali kuwa kimeisha. Chupa ya mafuta ya kula tunaipindua kichwa chini mpaka kesho yake. Kipande cha sabuni kilichobaki kama ukucha tunakibandika kwenye sabuni mpya. Mwanangu Tumaini, niliyekuja naye huku Ohio akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu, hunicheka akinikuta nachana tyubu ya dawa ya meno kwa mkasi. Mama, dukani zimejaa, huniambia. Namwacha acheke. Yeye hajui masika yetu yalivyokuwa.

Enzi zile mvua kubwa zikianza, barabara ya Dar es Salaam ilikuwa inakufa. Malori yanakwama kwenye matope huko Rufiji, kivuko hakivushi, madereva wanapika ugali chini ya magari yao wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Meli nayo ilikuja ikijisikia. Sisi huku tunabaki na kilichomo madukani, na kilichomo kilikuwa kinaondoka kwa zamu. Kwanza sukari. Kisha sabuni ya mche, ambayo mwenye duka alianza kuikata vipande vyembamba kama jibini, ingawa jibini lenyewe nimelijua huku ukubwani. Kisha mafuta ya taa, kisha viberiti, mpaka asubuhi watoto tunatumwa na kifuu kuomba kaa la moto kwa jirani. Rafu za duka la mtaani kwetu Rasbura zilibaki na dawa ya viatu na madaftari. Mwenye duka alikaa nyuma ya kaunta yake vilevile kila siku, kanzu imenyooka, akiitikia shikamoo zetu na kutuambia hakuna hata kabla hatujauliza.

Njaa hatukufa, nisidanganye. Mihogo ilikuwepo, makopa yalikuwepo kwenye ungo juu ya dari, mbaazi, kunde, samaki wa kuchoma, na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha ambayo wanawake walileta mjini kwa beseni, unaimenya ya moto vidole vinaungua, unachovya kwenye pilipili na chumvi. Tulicheza rede kwenye tope, tukarudi tumekuwa rangi moja wote, Mmwera, Mmakonde, Mmachinga, huwezi kumtambua wa nani. Mama alikuwa akituambia, "Oga kwa akili, hiyo sabuni si ya baba yako." Siku hizi mtoto anafungua friji iliyojaa, anasimama mbele yake na mlango wazi dakika tano, halafu anasema hakuna chakula. Na huko Lindi kwenyewe nasikia hawafungui hata friji, wanapiga simu, bodaboda inaleta chipsi mlangoni. Sawa. Kila zama na watu wake.

Lakini ninachotaka kusimulia ni masika moja, nilipokuwa na miaka tisa, mdogo wangu Yohana alipozaliwa.

Alizaliwa vizuri, mnene, ana sauti. Wiki haikuisha Mama akashikwa na homa kali, akalazwa hospitali. Walipompa dawa wakasema asinyonyeshe, na hata bila kukatazwa maziwa yalikuwa yameshakauka. Mtoto akarudishwa nyumbani, mikononi mwa Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa amekuja kutoka Mtama kumlea mzazi. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kanisani, mpole lakini mgumu kuomba. Alizunguka mji mzima siku ile akitafuta maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Hospitali stoo ilikuwa tupu, walikuwa wakisubiri lori kama sisi. Maziwa ya ng'ombe ndiyo usiulize. Kwetu ni nchi ya mbung'o, ng'ombe tulimjua kwa picha ya kitabu cha darasa la kwanza. Jioni Baba akarudi na kopo moja. Moja tu, na bati lake limebonyea. Alilishika kwa mikono miwili mpaka ndani.

Akakaa na Bibi akamsomea maandishi yake, kwa kuwa yalikuwa ya Kiingereza: vijiko vinne vya kopo hili kwa kikombe kile, maji yawe yamechemka. Mimi nilikuwepo, nikasikia. Bibi akaitikia. Kisha Baba akarudi kwenye maisha yake ya siku zile, asubuhi shuleni, mchana hospitali kwa Mama, jioni anaingia nyumbani amechoka, anamtazama mtoto amelala, naye anajilaza.

Bibi yangu alikuwa bingwa wa kukuza vitu. Katika masika alikuwa anaweza kuchemsha majani ya chai yaleyale siku nne, anayaanika juani kama mboga. Kibaba cha sukari kwake kilivuka mwezi. Watu walimsifu kwa hilo, na sisi tulijivuna naye. Basi alipoona kopo linashuka na barabara haina habari, alifanya alichokuwa akikifanya maisha yake yote. Vijiko vinne vikawa vitatu. Baada ya siku chache vikawa viwili. Alisema kopo lazima litufikishe mpaka malori yaje, na mtoto mchanga tumbo lake ni dogo, hajui. Mimi ndiye nilikuwa nakoroga. Kuhesabu nilijua, nilikuwa wa tatu darasani kwa hesabu, na niliiona ile rangi ikizidi kuwa nyepesi kikombeni siku hadi siku. Sikusema kitu. Nani angemsahihisha Bibi? Na moyoni nilimwona ana akili.

Yohana akaanza kulia kilio kirefu. Baadaye kilio kikawa kifupi, na sisi tukafurahi tukisema mtoto ametulia. Mapaja yake yakawa na mikunjo kama ya mzee. Bibi alimfunga uzi mweusi kiunoni kumkinga na jicho baya, na uzi ule kila nikimwogesha niliuona unalegea.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi Bi Zuhura, mke wa Mzee Bakari fundi cherehani. Walikuwa Waislamu, sisi Wakatoliki, na hilo halikuwa na uzito zaidi ya kubadilishana sahani Idi na Krismasi. Bi Zuhura alikuwa na binti wa miezi minne, Mwanaidi, kitinda mimba aliyempata kwa shida baada ya kupoteza wawili. Alimbeba mgongoni kila aendako na hakuwa akimpa mtu ambebe. Siku moja asubuhi alikuja kuomba moto, kifuu mkononi, akasimama mlangoni akisikiliza. Akauliza ni mtoto au ni paka. Bibi akamwambia ni mtoto, ametulia sasa, hasumbui. Bi Zuhura akaweka kifuu chini, akaingia bila kukaribishwa, akamfunua Yohana kanga. Alimtazama muda mrefu. Kisha akaniomba nimwonyeshe kikombe.

"Bibi, hiki anachokunywa ni nini?"

"Maziwa, mwanangu."

"Haya ni maji yaliyosikia habari za maziwa."

Hakusema kwa hasira. Bibi akakaa chini kwenye mkeka, na uso wake niliuona unavunjika. Akaanza kueleza habari za kopo na barabara. Bi Zuhura hakumlaumu. Aliondoka akaacha hata kifuu chake palepale, nami nikatumwa mbio shuleni kumwita Baba.

Tulipofika tulimkuta Bi Zuhura amesharudi na mumewe. Sasa, kwa watu wasiojua mila hizi, mwanamke wa Kiislamu hamnyonyeshi mtoto wa mwenzake hivihivi. Maziwa yanajenga udugu. Mtoto akishiba ziwa lako ni mwanao, na watoto wako ni ndugu zake, haramu kuoana milele. Ndiyo maana jambo hilo linasemwa waziwazi mbele ya watu, lisije likasahauliwa likaleta balaa baada ya miaka ishirini. Mzee Bakari alibaki amesimama, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni, akamsalimia Bibi kwanza kwa heshima, halafu akamgeukia Baba.

"Mwalimu, huyu akinyonya kwa Zuhura, amekuwa wetu. Yeye na Mwanaidi ni ndugu mpaka kaburini. Umekubali?"

Baba alichelewa kujibu. Nilimjua baba yangu, nilijua kinachomzuia. Hakuzoea kupokea kitu asichoweza kukirudisha, na nadhani aliogopa pia watu wa kanisani watasema nini. Alimtazama Yohana mikononi mwa Bibi. Akasema amekubali. Mzee Bakari akampa mkono, akatania kwamba angalau Baba ameokoa mahari, maana binti wa Kimakonde kama Mwanaidi angemfilisi. Hakuna aliyecheka sana. Bi Zuhura alikuwa ameshakaa, ameshamchukua mtoto.

Yohana hakuwa na nguvu za kunyonya. Ilibidi amkamulie mdomoni matone mwanzoni, kwa kidole, siku nzima ile na ya pili yake. Siku ya tatu akashika mwenyewe.

Kitu kimoja sikukielewa mpaka nilipokuwa mzazi. Bi Zuhura alimpa Yohana kwanza. Kila mara, kabla ya wake. Yohana ananyonya, Mwanaidi amelazwa pembeni kwenye mkeka analia machozi anamtazama mama yake, na kinachobaki kwenye ziwa ndicho chake. Maziwa ya mwanamke anayekula makopa na kunde hayakuwa ya kutosha watoto wawili. Mwanaidi akaanzishwa uji wa mtama akiwa mdogo mno, akaharisha, akapungua. Mama mkwe wa Bi Zuhura aligomba wazi, mtaa mzima ulisikia, akisema utamuua wako kwa ajili ya wa watu. Bi Zuhura akamjibu kwamba wa watu hayupo tena, wote wawili ni wake, na mwenye njaa zaidi ndiye anayetangulia. Hayo niliyasikia kwa masikio yangu, nikiwa nimekwenda kumchukua mtoto.

Barabara ilifunguka. Mama akapona akarudi nyumbani, malori yakaja, maziwa ya kopo yakapangwa dukani rafu nzima, na Yohana hakuyataka. Leo ana ndevu, ana watoto, anafanya kazi Kilwa Masoko. Mwanaidi naye yuko, mzima, mnene kuliko sisi wote. Bi Zuhura alipofariki, Yohana alikaa mstari wa watoto wa marehemu akipokea mikono ya pole, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza anafanya nini pale. Mimi sikuwahi kwenda. Nilikuwa huku.

Na huku, mwaka ule Tumaini alipojifungua, maziwa ya watoto yalipotea madukani. Marekani, watu wangu. Maduka makubwa kama uwanja wa mpira, taa zinawaka, muziki unapiga, na rafu ya maziwa ya watoto nyeupe tupu, vibandiko vya bei vimebaki peke yake. Mwanangu alifanyiwa upasuaji, maziwa hayakutoka, na mtoto tumbo lake lilikubali aina moja tu. Kundi letu la Watanzania la WhatsApp lililokuwa la misiba na michango likawa la kuulizana nani kaona kopo wapi. Nilitoka kazini kwangu, kwenye nyumba ya kulea wazee, nikaendesha gari duka hadi duka mpaka macho yakauma. Niliona mapaja ya Yohana kila nilipofumba macho. Nikaapa mjukuu wangu hatazimuliwa maziwa hata kijiko kimoja.

Asubuhi moja nikayakuta. Makopo mawili, nyuma kabisa ya rafu ya chini. Karatasi imebandikwa kwamba kila mteja asizidishe mawili. Nikapiga magoti nikayavuta, nikayatia kwenye toroli, nikafunika na mkoba wangu. Niliposimama kulikuwa na binti pembeni yangu, sare ya mgahawa bado mwilini, mtoto wake amekaa kwenye kiti cha toroli. Aliinama akapitisha mkono ndani ya rafu mpaka mwisho, taratibu, kulia na kushoto. Akageuka akaniuliza kama na mimi nimekosa.

Nyumbani kabatini tulikuwa na kopo lingine, limefunguliwa juzi, limefika nusu. Mwenye njaa zaidi kati yetu nilimjua. Mtoto wake alikuwa analia kilio kile kifupi.

Nikamwambia ndiyo, nimekosa. Nikasukuma toroli yangu kwenda kulipa.

Kila nikikaa na wenzangu wa Lindi tunawasema vijana, hawajui shida, hawajuani na majirani, simu zimewala roho. Tunatikisa vichwa, tunasifia zama zetu. Siku hizi na mimi natikisa kichwa, lakini siongei. Mjukuu wangu ananawiri, ameshaanza kusimama. Yule wa mgahawa sijui mwanawe alikunywa nini siku ile, na jina lake sikumuuliza.