Mlio wa Pili

Bunduki ya mume wangu ililia mara moja tu. Nilikuwa jikoni nakoroga uji wa asubuhi, nikasimama na mwiko mkononi kusubiri mlio wa pili, maana tembo wa msitu wa Ngorongoro wana kiburi: mlio wa kwanza wanasimama kutazama, wa pili ndio wanaondoka. Haukuja. Mpaka leo upepo ukibamiza mlango nasimama vilevile, nasubiri.

Walimkuta amekanyagwa kwenye mahindi, upande wa msituni. Polisi walisema risasi ya pili ilikwama, wakaitoa, wakaondoka na bunduki. Mama mkwe wangu hakuridhika. Kila aliyekuja kutupa pole, yeye alimuuliza, "Kwa nini haikulia tena?" Watu waliinamia vikombe vyao vya chai. Wengine walinong'ona kwamba marehemu alishikwa na woga. Niliwachukia, na bado nawachukia, hata tukikaa benchi moja kanisani.

Kibali cha bunduki kilipohamia kwa shemeji yangu, mtoto pekee aliyembakia Mama, bunduki ikarudi. Tembo nao walikuwa wamerudi. Jioni ile shemeji alikuwa anakwenda kulinda shamba, na kazi ya kuisafisha ikawa yangu, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikimshikia mume wangu vyuma kila Jumamosi, naye akinitania kwamba nina mikono ya fundi saa na mdomo wa dalali.

Nikatandika gunia barazani. Nikahakikisha haina risasi, nikafungua kifuniko cha mbele, nikachomoa mtutu. Ulikuwa na masizi kidogo tu. Lakini kile chuma kinachorudi nyuma chenyewe kila inapolia, ili kupakia risasi nyingine, kiligoma nilipokivuta. Nikapitisha kitambaa. Kikatoka na uji mzito wa njano, umechanganyika na vumbi letu jekundu. Nikanusa. Ilikuwa samli ya kibuyu.

Mume wangu alitumia tone moja la mafuta mepesi, na kwa hilo hakuwa na mzaha. Lakini kwetu anayekwenda kwenye hatari hupakwa samli na mama yake, na chombo chake pia. Hata pikipiki mpya ya jirani ilipakwa. Na asubuhi za huku, ukungu ukishuka, samli huganda kama mshumaa.

Mama alikuwa palepale barazani, anapepeta maharage. Ningemwambia nini? Nilifuta, nikasugua kwa mswaki wa zamani wa marehemu, machozi yakinidondokea kwenye chuma, nikayafuta nayo. Nikairudisha bunduki sawasawa. Kitambaa nikakificha chini ya paja na kuapa kwamba siri hiyo nitazikwa nayo.

Shemeji akatoka na koti lake. Mama akaingia ndani, akarudi na kibuyu. Akampaka mwanawe samli kwenye paji la uso, akimwombea kwa Kiiraqw. Kisha akachovya tena vidole, akanyoosha mkono kwenye bunduki iliyokuwa mapajani mwangu.

Nikaikumbatia, nikasimama. "Hapana, Mama."

"Nipe, mwanangu. Hata siku ile ya kaka yake niliipaka vizuri, mpaka ndani. Alikuwa anakunywa chai, wala hakuniona."

"Najua, Mama."

Akanitazama. Kisha akatazama chini, kitambaa kilipoangukia. Akakiokota, akakinusa. Shemeji akauliza kuna nini. Mama akafuta vidole vyake kwenye kanga, kimoja kimoja, akaziba kibuyu.

Siku hizo alikuwa halali vizuri, kwa hiyo kulipopambazuka nilimkuta jikoni ameshawasha moto. Nikainjika uji. Bunduki ikalia shambani. Tukasimama wote wawili, mimi na mwiko wangu, yeye na kuni mkononi.

Ikalia tena. Mama akaziba masikio.